Kipimo cha Kabugho

Walinipa kazi ya kutafsiri fomu:
kurasa kumi na moja za Kiingereza cha daktari,
nizitie katika Lukonzo, na katika Kiswahili
kwa akina mama waliovuka mpaka wa Mpondwe na watoto mgongoni.
Nikaandika "kinasaba". Nikafuta.
Nikaandika "mbegu ya ukoo",
na baba mmoja Msongora, fimbo mapajani,
akauliza kama tunahesabu watu au ng'ombe.
Nikafuta tena.

Jumanne, kliniki ya Bwera, benchi limejaa.
Kabugho ana miaka tisa, miguu yake haifiki sakafuni,
weupe wa macho umegeuka manjano.
Muuguzi anauliza: ndugu zako wangapi?
Mtoto kimya. Mama anakunja pindo la kitenge.
Majina yakajibu yenyewe, kwetu majina ni hesabu:
Masika, binti wa kwanza, yuko shule Kasese.
Kabugho, binti wa tatu, yuko hapa.
Kati yao alikuwapo Biira,
na fomu haina kisanduku cha Biira.

Nikaiweka fomu kando.
Nikamwambia: chembe za damu yako zimejikunja kama mundu,
zinakwama njiani, ndiyo maana mifupa inalia usiku.
Dawa ipo. Lakini ilipimwa kwa watoto wa mbali,
nawe unaimeza kama unavyovaa sweta la mtumba,
mikono inaning'inia, kifua kinabana.
Tunatafuta kipimo chako.

Akacheka. Kumbe anamjua Kule fundi,
barazani sokoni, futi shingoni, penseli sikioni.
"Mnataka kunipima kama Kule."
Ndiyo! nikasema, nikajivuna.
Kurasa kumi na moja nimezimaliza kwa fundi mmoja.

Kabugho hakuwa amemaliza.
"Kule akipima anaandika kwenye daftari.
Daftari lenu linalala wapi?"
Kampala, nikasema. Na damu inalala kwenye friji.
"Umeme ukikatika?"
Kuna jenereta.
"Nikiwa mkubwa nikasema nirudishieni?"
Nikapekua ukurasa wa tisa, nikapekua wa kumi.
"Na nguo ikishashonwa,
nani ataivaa?"

Benchi lote likageuka.
Mama wa kutoka Beni akamhamisha mtoto begani.
Yule Msongora akaomba swali lirudiwe,
nikalirudia, polepole, na halikupungua uzito.
Daktari Apolot akaifunika kalamu yake.
Kwa Kiswahili chake cha Soroti akasema,
"Sijui. Ninachotaka nakijua:
ukivae wewe, hapahapa Bwera.
Kama kitafika, sina kiapo.
Mfasiri, liandike hilo swali. Liandike lilivyo."

Ndipo ukapatikana ukurasa wa kumi na mbili.

Mnadhani Kabugho alinyoosha mkono?
Alisema, leo hapana.
Atarudi Jumanne na Masika, maana Masika anasoma haraka
na haogopi maneno marefu.
Mama akafungua mdomo, akaufunga.
Muuguzi akampa biskuti hata hivyo,
na mvulana wa nyuma, Thembo,
akauliza kama wanaosema ndiyo wanapata mbili.

Jioni nikapita sokoni.
Kule alikuwa anashona sare ya shule ya mtoto wa mtu,
ameacha vidole vitatu vya kitambaa ndani ya upindo.
Nikamuuliza, mbona unapoteza kitambaa?
Hakuinua kichwa. "Si anakua?"

Taa ya sola ilififia kabla sijafika ukurasa wa tisa.
Nikaandika kwa mwanga wa simu:
akitimiza miaka kumi na minane, aulizwe upya.
Daktari anaweza kulikata neno hilo. Sijui.
Kisha, kwenye ukurasa wa pili,
penye hesabu ya ndugu,
nikachukua rula, nikachora kisanduku kimoja zaidi.